Mpeni Kijana Jembe Siku ya Kwanza: Barua ya Wazi kwa Kampuni za Meli za Kitalii

Kwa wakurugenzi wa kampuni za meli zinazochukua familia kutoka Galveston, Miami na Port Canaveral, na kwa wakuu wa vilabu vya vijana vilivyomo melini.

Waheshimiwa,

Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Tanga, mkazi wa Houston kwa miaka 19 sasa. Kiangazi kilichopita tulisafiri kwa siku saba na meli ya mmoja wenu: Galveston, Roatán, Costa Maya, Cozumel, kisha Galveston tena. Sitaitaja kampuni, kwa sababu nililoliona si la meli moja. Nimezungumza na kina mama wenzangu wa msikitini na wa kazini waliosafiri na kampuni nyingine, na kila mmoja ana habari ya mtoto wa miaka 16 au 17 aliyezunguka sitaha moja baada ya nyingine akiwa peke yake, katikati ya maelfu ya watu.

Safari yenyewe tuliiwekea akiba miaka miwili. Chakula kilikuwa kizuri, chumba kisafi, wahudumu watu wa adabu. Mwanangu wa kiume, mwenye miaka 11, tulikuwa tukimwona saa za kula tu. Klabu yake ilimteka akili, na usiku tukienda kumchukua alinuna. Kwa watoto wadogo sina la kuwadai. Hao mmewaweza. Walioumia nyumbani kwangu ni binti yangu wa miaka 17, na mtoto wa kaka yangu aliyekuja kutoka Columbus, Ohio, akiwa ametimiza miaka 18 wiki tatu kabla ya safari.

Meli iliondoka Jumapili saa kumi jioni. Masanduku yetu yalichelewa kufika chumbani, tukachelewa kula, tukalala mapema kwa uchovu. Kumbe usiku huohuo, saa tatu, vijana wa miaka 15 hadi 17 walikuwa na mkutano wao wa kwanza. Tangazo lilikuwamo kwenye programu ya simu ambayo hatukuwa tumeifungua. Jumatatu usiku binti yangu akavaa vizuri, akajitanda mtandio mpya alionunuliwa kwa ajili ya safari, akaenda. Alirudi sijamaliza sala ya isha. Nilipotoa salamu nikamkuta ameketi kitandani, viatu bado miguuni.

“Mama, wameshajuana.”

Maneno mawili tu. Nami nilifanya kosa ambalo nadhani wazazi wengi hulifanya: nilimhimiza arudi, atabasamu, ataje jina lake, ajichanganye. Hakurudi. Kesho yake nilikwenda mwenyewe hadi mlangoni nikachungulia, ndipo nikamwelewa. Taa zilikuwa hafifu, muziki unapiga hadi kifuani, vijana wamekaa makundi matatu na kila kundi limegeukiana. Wahudumu wawili walikuwapo, vijana wazuri, wameshughulika na mashine ya michezo iliyogoma. Hakuna aliyemfukuza binti yangu mle ndani. Ila hakuna aliyemwita pia. Mtu mzima akiingia ukumbi kama huo ana mbinu zake: atakwenda kununua kinywaji, atauliza saa, atasalimia. Mtoto wa miaka 17 anaona migongo ya watu. Huo ni umri wa haya, kijana anahisi kila jicho liko juu yake, na kumwambia ajichanganye ni kumpa kazi ngumu kuliko zote zilizomo melini bila kumpa chombo cha kuifanyia.

Mtoto wa kaka yangu ndiye aliyemsindikiza usiku ule wa Jumatatu. Alizuiwa mlangoni, kadi yake ilionyesha miaka 18. Kwa hilo sina ugomvi. Nami ni mama wa msichana, na sitaki wanaume watu wazima wakae chumba kimoja na mabinti wa miaka 15. Ugomvi wangu ni kwamba hakuambiwa aende wapi. Kwenye meli zinazotoka bandari za Marekani pombe ni kuanzia miaka 21, lakini kwenye nyingi kati ya hizo kasino inamruhusu mwenye miaka 18. Kwa hiyo kijana wetu, mtoto wa madrasa, saa nne usiku milango iliyokuwa wazi kwake ilikuwa ya kamari na ya dansi la watu wazima. Alirudi chumbani akalala. Meli za Disney zina utaratibu wa vijana wa miaka 18 hadi 20, unaoitwa 1820 Society, ambao huwakutanisha kwa shughuli zao wenyewe. Jambo hilo basi linawezekana, na anayelifanya ni mwenzenu katika biashara hiihii.

Nimejiuliza sana kwa nini kujuana melini kumekuwa kugumu hivi, na jibu moja nimelipata kwenye meza ya chakula. Zamani familia ilipangiwa meza moja na saa moja ya chakula cha jioni, safari nzima, na mara nyingi meza hiyo ilikuwa na familia nyingine ngeni. Mwaka 2000 Norwegian Cruise Line ilileta mtindo wa kula saa unayotaka na mahali unapotaka, na wengine mkaja na namna zenu za uhuru huohuo. Naelewa kwa nini abiria waliupenda. Mwenye mtoto mchanga au mzee mgonjwa hawezi kuishi kwa kengele. Lakini meza ile ya pamoja ilikuwa ikifanya kazi ambayo hakuna aliyeiandika kwenye daftari. Jioni ya kwanza kijana aliketi mbele ya kijana mwenzake asiyemjua, wazazi wakaulizana mmetoka wapi na mna watoto wangapi, mkate ukapita mkono hadi mkono. Jioni ya pili hakuhitaji kujitambulisha tena. Ugumu wote wa mwanzo ulibebwa na wazazi na sahani, naye akabakiwa na kazi nyepesi ya kuendeleza maneno.

Zoezi la usalama nalo limebadilika. Hadi mwaka 2020 abiria wote walikusanywa kwenye vituo vyao kabla au mara baada ya meli kuondoka, wakasimama bega kwa bega kusikiliza kengele na maelekezo. Korona ilipoingia, Royal Caribbean ilitangaza Julai 2020 utaratibu wa kutazama maelekezo kwenye simu au televisheni, kisha kila mtu kupita kituoni kwa wakati wake, na njia ya namna hiyo imeenea kwenye meli nyingine. Kiafya ulikuwa uamuzi wa busara, na siombi utaratibu wa zamani urudishwe. Nasema tu kwamba zile dakika ambazo kijana alilazimika kusimama karibu na kijana mwenzake zimeondoka moja baada ya nyingine, na hapajawekwa kitu mahali pake. Huku meli zinazidi kukua. Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Miami Januari 2024, inaweza kubeba abiria hadi 7,600. Katika mji wa ukubwa huo, ukicheka na mtu Jumatatu kwenye foleni ya aiskrimu, huna hakika kama utamtia tena machoni.

Nilikokulia, Ngamiani, mitaa ina namba badala ya majina, na kila likizo ya shule ilileta mgeni: mtoto wa shangazi wa fulani kutoka Dar es Salaam au Arusha, viatu vipya, Kiswahili cha kwao, anasimama kibarazani hajui pa kuweka mikono. Marehemu mama yangu hakuwahi kutuambia tukafanye urafiki na mgeni. Alimpa mgeni kikapu na mimi akanipa hela, akatutuma sokoni. Tukirudi, mmoja anakuna nazi kwenye mbuzi, mwingine anachambua mchele kwenye ungo, tumeketi ubavu kwa ubavu tukitazama mikono yetu. Kazi yenyewe haikuhitaji watu wawili. Nazi moja inakunwa na mtu mmoja, tena kwa haraka zaidi. Nimekuwa mama mwenyewe ndipo nikaelewa kwamba alichokuwa akikipika siku ile kilikuwa zaidi ya wali.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Safari ya siku saba haina nafasi ya kungoja siku ya tatu.

Tena siwaletei mila ngeni, waheshimiwa. Jambo hili mnalijua, mnalifanya kila wiki, sitaha chache chini ya vyumba vyetu. Mhudumu wa meza yetu alikuwa kijana wa Likoni, Mombasa. Aliposikia tunaongea Kiswahili aliweka sahani chini akaniamkia shikamoo, na tangu hapo akawa mwanangu. Jumatano jioni, baada ya Roatán, aliona binti yangu anachezea chakula. “Mama, mbona dada hali?” Nikamweleza. Akasema yeye alipanda meli kwa mkataba wake wa kwanza hamjui hata mtu mmoja. Alipangiwa chumba na kijana wa Indonesia, akapewa trei, akaonyeshwa meza wanapokula wafanyakazi na saa ya kula. “Wiki haijaisha nilikuwa na ndugu, mama, wala sikuwatafuta.” Chumba, kazi, meza, saa. Kwa vitu hivyo vinne mnawaunganisha vijana wa kila pembe ya dunia, wasio na lugha moja wala dini moja, hata wakaweza kuendesha mji unaoelea. Kwa watoto wetu, ambao tumewalipia, mmewapa muziki na viti.

Kijana yuleyule ndiye aliyetuambia kwamba karibu na maktaba kuna meza yenye picha ya vipande elfu moja, ambayo abiria huiunganisha wapendavyo. “Pale hakuna kelele,” alisema. Binti yangu na mtoto wa kaka yangu wakaenda. Picha ilikuwa ya bandari ya kale yenye mashua nyingi, na juu yake anga kubwa la buluu ambalo kipande kimoja hakitofautiani na kingine. Wazee wawili walikuwa wamemaliza mashua wakashindwa na anga. Baada ya muda akaja msichana kutoka Oklahoma, akavuta kiti, hakusema lolote. Neno lake la kwanza, aliniambia binti yangu, lilikuwa kuuliza kama kuna aliyeona kipande cha pembeni. Alhamisi usiku walikuwa wanne. Ijumaa, tuliporudi kutoka Cozumel, walikuwa saba, na mmoja alikuwa ametoka kwenye yale makundi matatu ya klabuni, akisema kule hakumjua mtu vizuri ila aliogopa kuondoka. Pale mezani hakuna aliyeuliza kadi ya mwenziwe inasema miaka mingapi, na wote tuliwaona, kwa sababu meza ilikuwa mahali pa wazi, watu wazima wanapita muda wote. Jumamosi, siku nzima baharini, walikula pamoja, wakacheza mpira wa kikapu, wakarudi kwenye anga lao. Jumapili saa moja asubuhi tukashuka.

Hesabu ya siku hizo chache ndiyo inayoniuma. Mwaka 2018 Jeffrey Hall, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas, alichapisha utafiti kuhusu muda unaohitajika hadi watu wawili wawe marafiki. Aliona kwamba inachukua kama saa 50 za kuwa pamoja mtu atoke kwenye kujuana tu hadi urafiki wa kawaida, kama saa 90 kufika urafiki wenyewe, na zaidi ya 200 ili awe rafiki wa karibu. Vijana wakianza Jumapili jioni na kuwa pamoja saa saba kwa siku, safari yenu ya siku saba inawafikisha karibu kabisa na zile 50. Binti yangu alianza Jumatano usiku. Safari yetu ilikuwa na bahati ambayo nyingine hazina: siku mbili za mwanzo, Jumatatu na Jumanne, meli ilikuwa baharini tu, hakuna aliyeshuka. Siku hizo ni dhahabu kwa kijana, na wetu walizimalizia chumbani, pazia limefungwa, wakitazama filamu walizozileta kutoka nyumbani.

Ombi langu kubwa basi ni la Jumapili. Wakusanyeni vijana wa miaka 15 hadi 17 mapema, meli ikiwa bado gatini au imeondoka tu, saa ambayo kila familia iko macho, na mtuite na sisi wazazi kwa dakika ishirini. Msilifiche tangazo ndani ya simu. Liwekeni kwenye kadi ya mlango wa chumba, mhudumu wa chumba amwambie mama kwa mdomo wake. Na kwenye mkutano huo msiwapange kwenye duara kila mmoja ataje jina na kitu anachokipenda. Niliwauliza wanangu wote wawili. Hakuna wanachokichukia kama hicho. Wapeni jembe. Wapo vijana watakaofurahi kuendesha michezo ya watoto wadogo mchana, kupanga taa za onyesho lao wenyewe la usiku wa mwisho, kupamba ukuta wa klabu, kujifunza kufunga mafundo ya kamba kwa baharia halisi na kuwafundisha wenzao. Hall huyohuyo aliona kwamba saa za kazini hazijengi urafiki kama saa za mapumziko, na simpingi. Jembe ninalolisema ni la kufungulia mlango. Wakishaingia, saa za soga watazitafuta wenyewe, hakuna haja ya kuwapangia.

Kisha rudisheni meza, kwa watakaoitaka tu. Jioni tatu kati ya saba, meza ileile, saa ileile, mhudumu yuleyule, vijana wanane wa umri mmoja, na wazazi wao ukumbi huohuo kwa mbali kidogo. Haitawagharimu chumba kipya. Mezani hapo zikiwapo mboga za kutosha na vyakula visivyo na nguruwe, watoto wa Kiislamu, wa Kihindu na wa Kiyahudi wataketi bila kulazimika kueleza dini zao kwa kila sahani.

Klabu yenyewe ipunguzwe giza walau nusu ya jioni. Wapo wasiocheza muziki kwa imani, wapo wasiocheza kwa haya, wapo wanaotumia vifaa vya kusaidia kusikia na hawaelewi neno ndani ya kelele ile. Wekeni kona yenye taa, karata, keram, picha za kuunganisha, chochote cha kushikwa mkononi. Na awepo mhudumu mmoja ambaye kazi yake si mashine wala muziki. Kazi yake iwe mlango: amwone anayeingia peke yake, aulize jina lake, ampeleke kwa mtu kwa sababu inayoeleweka, na kesho yake alikumbuke jina hilo. Kwetu anaitwa mwenyeji. Kila nyumba inayopokea wageni inaye.

Mawasiliano ya vijana kwa vijana kwenye programu ya meli yawe bure, kwa ruhusa ya mzazi. Kijana asiye na intaneti baharini hana namna nyingine ya kujua wenzake wamekwenda sitaha gani.

Na hao wa miaka 18 hadi 20, naomba msiwaache mlangoni pa kasino. Kijana aliyemaliza sekondari mwezi wa tano hageuki kuwa mtu mwingine mwezi wa sita. Kwa wengi wao hiyo ndiyo safari ya mwisho na wazazi kabla ya chuo, au kabla ya jeshi, au kabla ya kuhamia jimbo jingine kutafuta kazi. Wapangieni saa yao na mahali pao, ubaoni, kama mnavyowapangia wazee darasa la asubuhi la mazoezi.

Sisi wazazi tuna sehemu yetu, nami nimeikubali. Tutawahi mkutano wa Jumapili. Hatutawasukuma mgongoni wakajichanganye. Tutawaacha wakae na wenzao hata siku tuliyotaka tupige picha ya familia. Mengine yako mikononi mwenu, kwa sababu meli ni yenu.

Binti yangu na yule msichana wa Oklahoma bado wanaandikiana. Tumeshalipia nafasi nne za Juni ijayo, kutoka bandari ileile ya Galveston, na safari hii binti yangu atapanda akiwa na miaka 18. Naomba Jumapili ile, kabla kamba za meli hazijafunguliwa, awepo mtu wa kumpokea.

Wasalaamu,

Mama wa Houston, Texas